Mtihani wa Kiingereza kwa Mwalimu wa Kiswahili

Wapo wahitimu wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Kenya ambao huomba nafasi za kwenda Marekani kufundisha Kiswahili wakiwa wasaidizi wa walimu wa lugha chini ya mpango wa Fulbright. Mpango huo, unaojulikana kwa kifupi kama FLTA, humweka mhitimu katika chuo cha Kimarekani kwa muda wa takribani miezi tisa, akifundisha lugha yake huku naye akijifunza mengine. Anayeyasoma masharti yake hukutana mapema na sharti moja ambalo limezua vicheko vingi katika korido za idara za Kiswahili: mwombaji athibitishe umilisi wake wa Kiingereza kwa mtihani kama vile TOEFL au IELTS. Kwa maneno mengine, mlango wa kwenda kufundisha Kiswahili hufunguliwa kwa ufunguo wa Kiingereza.

Kicheko hicho kina uchungu ndani yake. Wanaocheka huuliza: Je, Mkenya huyu hakufundishwa Hisabati, Sayansi na Jiografia kwa Kiingereza? Je, hakutahiniwa kwa lugha hiyo katika KCSE? Na hata alipojiunga na chuo kikuu kusomea Kiswahili, je, somo lake la pili, liwe Historia au Dini, halikufundishwa kwa Kiingereza? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Jamhuri. Iweje basi raia wa nchi kama hiyo atakiwe kulipa makumi ya maelfu ya shilingi, fedha ambazo mwalimu mwanagenzi hawezi kuzilipa kwa malipo yake ya mwezi mmoja, ili aambiwe kama anakijua Kiingereza au hakijui?

Malalamiko haya yana haki kwa upande mmoja na hatari kwa upande mwingine. Kosa la wengi ni kuzichanganya pande hizo mbili hadi zikawa jambo moja.

Haki iko katika sera. Wanafunzi wa isimujamii wanaifahamu miduara mitatu ya Braj Kachru, aliyoieleza mwaka 1985: mduara wa ndani wenye nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kwanza ya walio wengi, mduara wa nje wenye makoloni ya zamani kama Kenya, India na Nigeria, na mduara unaopanuka wenye nchi zinazojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Serikali ya Uingereza inayo orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani wa Kiingereza wanapoomba viza, kwa sababu nchi hizo huhesabiwa kuwa zenye wasemaji wengi wa Kiingereza. Katika orodha hiyo zimo Marekani, Australia, New Zealand, Ireland na visiwa kadhaa vya Karibi. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni halali, kwa kuwa Mkenya wa kawaida hakuzaliwa katika Kiingereza. Hata hivyo, Malta imo katika orodha iyo hiyo, ilhali lugha ya nyumbani ya Wamalta walio wengi ni Kimalta, lugha yenye asili ya Kiarabu. Kigezo kinachoiingiza Malta na kuiacha nje Kenya, Ghana na Zambia kinahitaji kutetewa kwa hoja nzito kuliko zile ambazo zimewahi kutolewa. Nchini Nigeria vijana walianzisha kampeni juu ya jambo hili mwaka 2021, na walikuwa na sababu. Ni kweli kwamba mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuomba uthibitisho kutoka kwa shirika la Ecctis la Uingereza na kuutumia katika maombi ya viza, lakini uthibitisho huo nao hulipiwa, na si kila mwajiri au baraza la taaluma linalouridhia.

Hatari nayo iko katika mazoea ya mtahiniwa. Anayeamini kwamba kudaiwa mtihani ni tusi huingia katika chumba cha mtihani kana kwamba anaingia kwa hisani. Hajiandai. Humwona anayejiandaa kuwa mtu asiyejiamini, na yeye mwenyewe hutegemea alama ya B aliyoipata miaka mitano iliyopita.

Matokeo ya imani hiyo yalidhihirika mwaka 2021. Mwezi Julai mwaka huo Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi Uingereza. Miezi michache baadaye, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Taifa lilishangaa. Wapo waliowacheka wauguzi, wapo waliozilaumu shule, na wapo waliolilaumu Sheng', ambalo hulaumiwa kwa kila jambo linaloharibika katika lugha za Kenya. Ni wachache waliojiuliza kufaulu kulikuwa na maana gani. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza hutaka alama 7 kati ya 9 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza kwa IELTS, na 6.5 katika kuandika, baada ya kulegeza sharti la kuandika mwishoni mwa mwaka 2018. Muuguzi aliyepata 6.5 katika kusikiliza anahesabiwa kuwa ameanguka, ingawa wastani wa 6.5 humpeleka mtu katika shahada ya uzamili katika vyuo vingi vya nchi hiyo hiyo. Kutofikia kiwango kilichowekwa na taaluma fulani si sawa na kutojua lugha. Hata hivyo, watu 290 kati ya 300 ni wengi mno kuelezwa kwa hoja hiyo pekee. Wauguzi hao walikuwa wakiwahudumia wagonjwa, wakiandika ripoti za zamu na kusoma maagizo ya madaktari kwa Kiingereza kila siku. Kilichowashinda ni nini?

Jibu linaanzia shuleni, na hapa wanafunzi wa Kiswahili wana la kusema kuliko wengine. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina sehemu ya stadi za kuzungumza yenye alama 30 kati ya 60. Sehemu hiyo huandikwa. Mtahiniwa huulizwa ni silabi ipi inayotiwa mkazo, ni herufi ipi isiyotamkwa, au angefanya nini ili asikike vyema katika mdahalo, naye hujibu kwa kalamu, katika ukumbi ulio kimya. Anaweza kupata alama zote thelathini bila kufungua kinywa. Kusikiliza hakupimwi kabisa. Kiswahili nacho, yafaa kukiri, hakina tofauti: karatasi zake tatu, yaani Insha, Lugha na Fasihi, hazimtaki mtahiniwa aseme hata neno moja. Nchi inayojivunia ufasaha wa wanasiasa wake imelea watahiniwa wa kalamu tupu.

Mtihani wa IELTS, uliopewa jina hilo mwaka 1989, huzipa stadi nne uzito sawa. Sehemu ya kusikiliza huchukua takribani nusu saa na ina maswali 40. Mtahiniwa huusikia kila mjadala mara moja tu, hakuna kurudia. Wazungumzaji huwa na lafudhi za Uingereza, Australia, Marekani ya Kaskazini na kwingineko, nao huanza na mambo mepesi, kama mtu anayepiga simu kuulizia nyumba ya kupanga, na kumalizia kwa mhadhara. Aliyezoea Kiingereza cha Kenya, ambacho kwa kiasi kikubwa kina irabu tano za Kiswahili na za lugha nyingi za Kibantu, hukutana ghafla na lugha yenye sauti za irabu zipatazo 20. Si kwamba hajui neno. Analijua, amelisoma mara mia, lakini hajawahi kulisikia likitamkwa hivyo. Mwanafunzi aliyesoma fonolojia linganishi atalielewa tatizo hili katika dakika tano. Muuguzi hakupata bahati hiyo.

Kusoma nako kuna mitego yake. Ipo aina ya swali ambayo huwaangusha wasomi kuliko wasiosoma. Mtahiniwa hupewa kauli na kutakiwa kuamua kama ni kweli kulingana na kifungu, si kweli, au haikutajwa. Jibu hilo la tatu ni geni kwa aliyelelewa katika shule ambako kila swali la ufahamu lina jibu ndani ya kifungu na kila jambo lisilotajwa hukamilishwa kwa maarifa ya mwalimu. Muuguzi akisoma kwamba dawa fulani huteremsha homa, anajua kuwa ni kweli, kwa hiyo anajibu kweli. Kifungu hakikusema hivyo. Alama imekwenda. Kadhalika swali likitaka jibu lisizidi maneno mawili, anayeandika matatu amekosa hata kama matatu hayo ni sahihi kuliko mawili. Tahajia nayo huadhibiwa. Huu si ukatili, ni utaratibu. Lakini ni utaratibu unaopaswa kujulikana kabla ya siku yenyewe.

Katika kuandika, mtahiniwa wa IELTS ya kitaaluma hupewa saa moja kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya hoja ya maneno yasiyopungua 250, nayo ina uzito maradufu ya ile ya kwanza. Muuguzi amechora chati za joto la mwili kwa miaka, lakini hajawahi kutakiwa aieleze chati kwa aya tatu bila kutoa maoni. Na hapo kwenye maoni ndipo ugonjwa wa insha za Kenya unapojitokeza. Kwa miaka mingi wanafunzi wa shule za msingi na za upili, katika Kiingereza na Kiswahili sawia, wamefundishwa kukariri mapambo: asubuhi zenye jua la dhahabu, ndege waliotumbuiza, methali tatu katika aya ya kwanza, misemo iliyopangwa kama vyombo vya arusi. Mtahini wa Nairobi huenda akavutiwa. Mtahini wa IELTS hutafuta msimamo ulio wazi, hoja zinazofuatana, msamiati unaofaa mada na sarufi iliyo sahihi. Pambo lisilo na kazi halimwongezei mtahiniwa chochote, na linapojulikana kuwa limekaririwa humpunguzia.

Ni kwa sababu hii ambapo vituo vingi vya maandalizi vinavyotangazwa kwa vibandiko kwenye milingoti ya stima mjini vinastahili kutiliwa shaka. Vipo vizuri, na vipo vinavyouza vielezo vya insha: utangulizi wa kukariri, sentensi za kuunganisha aya, hitimisho la kubandika mahali popote. Mteja hulipa, hukariri, huenda katika mtihani na kuandika utangulizi mtamu usiohusiana na swali. Watahini wamezisoma sentensi hizo hizo kutoka Lagos, Manila na Karachi. Mwalimu anayeuza kiolezo cha insha huuza nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kuzungumza ndiko kunakohofiwa zaidi, na pengine ndiko kunakostahili hofu kidogo zaidi. Katika IELTS mtahiniwa huketi na mtahini mmoja kwa dakika 11 hadi 14. Katikati ya mazungumzo hupewa kadi yenye mada, akapewa dakika moja ya kufikiri, kisha akatakiwa azungumze peke yake kwa dakika moja hadi mbili. Alama hutolewa kwa ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Lafudhi ya London haidaiwi. Kinachodaiwa ni kueleweka. Wanaojitia lafudhi ya kigeni wiki mbili kabla ya mtihani huishia kutoeleweka na mtu yeyote, wa huku wala wa kule. Katika TOEFL, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1964 na kuhamishiwa kwenye intaneti kuanzia mwaka 2005, mtahiniwa hazungumzi na mtu. Huzungumza na kipaza sauti cha kompyuta, huku watahiniwa wengine chumbani humo nao wakizungumza na vyao. Asiyewahi kulijaribu jambo hilo hupoteza sekunde zake za kwanza kwa kushtuka.

Lipo pia suala la adabu, ambalo vitabu vya maandalizi haviwezi kulijua. Kijana wa Kiafrika aliyelelewa vyema hamjibu mkubwa wake kwa maneno mengi. Akiulizwa kama anapenda kusoma, husema ndiyo, akanyamaza, akasubiri. Nyumbani hiyo ni heshima. Mbele ya mtahini ni ukosefu wa ufasaha, kwa kuwa mtahini hawezi kukipima kimya. Dell Hymes aliposisitiza kwamba umilisi wa lugha ni pamoja na kujua nani aseme nini, na nani, wapi na vipi, alikuwa akizungumzia jambo hili hasa. Umilisi mawasiliano wa jamii moja huweza kuwa kikwazo katika nyingine. Mtahiniwa anapaswa kujua kwamba katika chumba kile, kwa dakika zile 14, kusema mengi si utovu wa adabu.

Kutokana na hayo, ni ajabu kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ndiye anayeuogopa mtihani huu kuliko wenzake. Hujiona dhaifu kwa sababu mihadhara yake ni kwa Kiswahili, huku mwenzake wa uhandisi akijiona salama. Ukweli ni kinyume chake. Mwanafunzi wa Kiswahili amefanya ufupisho tangu kidato cha kwanza, akipewa kifungu na idadi ya maneno ambayo hastahili kuizidi; hiyo ndiyo stadi ya kueleza grafu kwa maneno 150. Amesoma sajili, naye anajua kwamba lugha ya barua si lugha ya ripoti. Amesoma fonetiki, na anaweza kuonyesha kwa mchoro mahali ulimi unapokaa sauti inapotamkwa. Amefanya uchanganuzi makosa, na angeweza kuchukua insha yake mwenyewe ya Kiingereza akayaorodhesha makosa yaliyotokana na lugha ya mama na yale yaliyotokana na haraka. Mhandisi hana vifaa hivi. Kinachokosekana ni mwanafunzi kuvitumia nje ya chumba cha mhadhara, na mhadhiri kumwonyesha kwamba vinatumika huko.

Wapo wanaoshikilia kwamba idara ya Kiswahili ikimsaidia mwanafunzi kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza itakuwa imesaliti lugha yake. Msimamo huu husikika sana katika mikutano ya vyama vya wanafunzi, na hupigiwa makofi. Lakini anayekosa nafasi ile ya Marekani kwa upungufu wa alama chache za kusikiliza hakikosi Kiingereza. Anakosa darasa la Kiswahili. Nafasi yake itachukuliwa na mwingine, huenda mwenye Kiswahili hafifu kuliko chake, aliyejiandaa kwa miezi mitatu, akisikiliza redio ya BBC kwa dakika thelathini kila usiku na kuandika insha moja kila Jumamosi kwa saa iliyowekwa mezani. Wanafunzi kule watajifunza Kiswahili cha huyo. Anayekipenda Kiswahili hawezi kulifurahia hilo.

Mambo ya kufanywa si makubwa. Chama cha wanafunzi huweza kutenga alasiri moja kwa wiki, katika muhula unaotangulia maombi, ambapo wanachama huulizana maswali ya kadi, mmoja akishika saa na mwingine akihesabu mara ambazo msemaji alikwama. Wahadhiri wa isimu huweza kutoa saa chache za matamshi linganishi. Nakala za mitihani ya mazoezi zinapatikana bila malipo katika tovuti za wenye mitihani hiyo, na kwa kuwa matokeo hutumika kwa miaka miwili pekee, hakuna haja ya kukimbilia mtihani katika mwaka wa pili wa masomo kwa sababu tu rafiki amekwenda. Si ajabu kwamba Kiswahili hutumia neno mtihani kwa karatasi ya darasani na pia kwa majaribu yanayompata mja. La kwanza, angalau, hutangaza tarehe yake mapema.

Linabaki swali moja ambalo waliolalamikia sharti la FLTA hawakuliuliza. Mmarekani anayejifunza Kiswahili huweza kupimwa umilisi wake kwa mahojiano ya ACTFL, vipimo vilivyoundwa Marekani, vyenye viwango vinavyoeleweka na mwajiri yeyote wa huko. Kiswahili, lugha iliyopewa siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai, na UNESCO mwaka 2021, lugha yenye Kamisheni yake ya Afrika Mashariki kule Zanzibar, bado hakina mtihani wa umilisi uliobuniwa na wenyewe na kutambulika duniani kama unavyotambulika IELTS. Anayefika Nairobi kutoka Seoul au Berlin akidai kwamba anakijua Kiswahili huaminiwa kwa salamu yake. Mhitimu wa Kiswahili anayeitwa kuhojiwa kwa nafasi ya kufundisha ughaibuni huweza kuonyesha cheti chenye stadi zake nne za Kiingereza, kila moja na alama yake. Kwa Kiswahili chake huonyesha shahada, na shahada hiyo haisemi kama anaweza kusikiliza au kuzungumza, kwa kuwa tangu kidato cha kwanza hakuna aliyempima.